Kuuza Nyumba Huku Unanunua Nyingine: Hesabu ya Siku

Hotuba kwa wanachama wa chama cha ushirika wa nyumba, Mombasa

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, na vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Ahsanteni kwa kunialika. Nashukuru pia kwa feni hizi mbili zinazozunguka. Ya tatu naona imeshakata tamaa.

Nimeombwa nizungumze na mwanachama ambaye tayari ana nyumba, anataka kuiuza, na kwa pesa hizo hizo anunue nyingine. Watoto wamekua na vyumba havitoshi, au wameoa na kuolewa na sasa nyumba ni kubwa mno. Mmoja yuko kisiwani anatamani upepo wa Bamburi. Mwengine yuko Bamburi, amechoka na foleni ya daraja la Nyali kila asubuhi, anatamani kurudi kisiwani. Sababu zenu mnazijua wenyewe. Mimi kazi yangu ni uwakili wa mambo ya ardhi, na wanaonijia ofisini karibu wote huwa wameshapiga hesabu ya bei. Hesabu ya siku hawajaigusa. Na kwenye siku ndiko watu wanakoumia.

Tumeambiwa tangu utotoni kwamba mshika mbili moja humponyoka. Basi leo ni mtihani, kwa sababu huyu mwanachama wetu hana budi ashike zote mbili.

Tuchukue mfano, tuutembeze pamoja. Una nyumba Tudor, umepata mnunuzi wa shilingi milioni 12. Umeona nyumba Bamburi, bei milioni 9. Kichwani mwako umeshabakiwa na milioni 3, na nyumbani kila mtu ameshazipangia kazi. Lakini benki inakudai milioni 2 na nusu kwenye ile ya Tudor. Hati iko kwenye kabati lao mpaka deni liishe. Zimebaki laki 5. Ukinunua Bamburi utalipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4: hiyo ni 360,000. Umebaki na 140,000. Na mthamini wa serikali akisema nyumba ile thamani yake ni milioni 10, ushuru unahesabiwa kwa milioni 10, hata kama wewe na muuzaji mlipatana 9. Tuseme mmekubaliana na dalali asilimia 2 ya bei ya Tudor. Hizo ni 240,000. Tayari uko chini kwa laki moja, na mimi bado hujanilipa, wala lori halijapakia kitanda.

Mnacheka, lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ukijua mapema utapata nyumba ya bei nafuu kidogo, au utapandisha yako. Twende kwenye siku.

Mnunuzi wako wa Tudor akitia saini atalipa arubuni. Desturi yetu ni asilimia 10, kwa hiyo milioni 1 na laki 2. Wiki hiyo hiyo yule wa Bamburi naye anataka arubuni yake, laki 9. Mtu anasema, si vizuri, hizi zitalipa zile na chenji itabaki? Hapana. Chini ya masharti ya mauzo ya Chama cha Wanasheria, ambayo karibu kila mkataba huyafuata, arubuni inashikwa na wakili wa muuzaji kama amana ya pande zote mbili. Iko kwenye akaunti, unaiona, jina lako limetajwa, na huwezi kuigusa mpaka mauzo yakamilike. Nimeona watu wazima, wafanyabiashara wa miaka mingi, wanaganda hapo. Wameshampa mwenye nyumba ya pili ahadi kwa pesa ambazo hazijawa zao.

Sasa hizo laki 9 zitoke wapi? Kuna akiba, kama unayo. Kuna mkopo wa chama, na hapa mko mahali pazuri pa kuuliza, maana mkopo wa muda mfupi wa kiasi hicho mkurugenzi wenu anauelewa kuliko benki. Na kuna njia ya tatu ambayo watu hawaijui: kuiandika kwenye mkataba wa Tudor tangu mwanzo, kwamba arubuni ihamishwe ikashikwe na wakili wa muuzaji wa Bamburi kama arubuni yako kule. Mnunuzi wako atasita. Ana haki ya kusita. Akimwaga pesa zikaenda nyumba asiyoijua na mauzo yakavunjika, atazifuata wapi? Atakubali ukimpa sababu ya kukuamini: serchi safi, yaani uchunguzi wa rejista ya ardhi, hakuna zuio humo, barua ya benki inayosema deni lako hasa ni kiasi gani. Na hata akikataa, umejua kabla hujatia saini kule pengine.

Baada ya arubuni inakuja salio. Muda wa kawaida wa kukamilisha ni siku 90 tangu mkataba kutiwa saini. Watu wakisikia 90 wanafikiri mikataba miwili ikitiwa saini siku moja itamalizika siku moja. Inategemea nani anamlipa nani, na kwa njia gani.

Kama mnunuzi wako ana pesa taslimu, mambo ni mepesi. Kama anakopa benki, na wengi siku hizi wanakopa, sikizeni vizuri. Benki haitoi pesa ndipo apate hati. Benki inataka hati kwanza. Wakili wa benki anaandika barua ya ahadi: tupeni hati na karatasi zote, tusajili nyumba kwa jina la mnunuzi, tusajili rehani yetu juu yake, na ndani ya siku kadhaa baada ya hapo tutawalipa. Ile ahadi si ya mdomo. Inamfunga wakili mwenyewe binafsi, na mahakama inaweza kumlazimisha ailipe. Kwa hiyo ni kitu cha kuaminika. Lakini si pesa. Kuna wiki ambazo nyumba ya Tudor si yako tena kwenye rejista, pesa hazijaingia, na muuzaji wa Bamburi anakupigia simu kila siku ya Mungu akiuliza salio lake.

Hapo ndipo wakili mzuri anapofanya kazi. Akiwa na ahadi ya benki mkononi, anaweza naye kumwandikia wakili wa Bamburi ahadi yake: pesa zikinifikia, nitakulipa kiasi hiki. Ahadi juu ya ahadi. Mawakili wengine hukataa, na msiwalaumu, kwa sababu ya kwanza ikikwama ni yeye atakayeshikwa shati. Ndiyo maana napenda wakili mmoja ashughulikie mauzo yako na manunuzi yako. Ukiwa na wawili, mmoja wa rafiki yako na mwengine wa shemeji yako, kila mmoja analinda faili lake na hakuna anayeona kalenda nzima.

Kifungu ninachokipigania zaidi ya vyote kinakaa kwenye mkataba wa Bamburi, na maana yake, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni hii: mnunuzi atalipa salio ndani ya siku 14 baada ya kupokea bei kamili ya nyumba yake ya Tudor, tarehe ya mwisho kabisa ni fulani, na ikiwa kufikia tarehe hiyo bei hiyo haijapatikana bila kosa la mnunuzi, mkataba unakufa na arubuni inarudi yote. Bila kifungu hiki, mnunuzi wako wa Tudor akinyimwa mkopo dakika ya mwisho, wewe ndiye mkosaji kule Bamburi. Utapewa notisi ya siku 21 ukamilishe, na zikipita, zile laki 9 zinabaki kwa muuzaji. Hukukosa wewe, alikosa mtu ambaye hata hamjuani na huyo muuzaji, lakini umelipa wewe.

Muuzaji wa Bamburi hatakupa kifungu hiki bure. Pengine atataka aendelee kuionyesha nyumba kwa wengine, na akipata mwenye pesa mkononi akupe siku chache uamue. Ni haki yake. Kubalini. Au mpe bei nzuri kidogo. Mimi ningelipa laki moja zaidi kwa kifungu hicho kuliko kuongezewa stoo.

Wengi wananiuliza, wakili, niuze kwanza au ninunue kwanza? Nitasema wazi, ijapokuwa mawakili wenzangu hawapendi kusema wazi. Kama nyumba ya pili inategemea pesa za ya kwanza, tia saini ya kuuza kwanza. Mkataba wa kuuza ukishasainiwa na arubuni imelipwa, ndipo ukasaini wa kununua, hata kama nyumba ya Bamburi ni ya ndoto. Nyumba za ndoto Bamburi zipo nyingi. Mwenye akiba ya kutosha kununua bila kuuza, huyo anaweza kugeuza mpango. Lakini huyo hakuja hapa leo kunisikiliza, yuko kwenye upepo wake.

Na hata huyo mwenye akiba nina neno naye, juu ya ushuru. Ukiuza nyumba kwa faida, mamlaka ya mapato inataka sehemu yake ya hiyo faida. Zamani ilikuwa asilimia 5. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Tuseme ile ya Tudor uliinunua milioni 5 na ukatumia laki 6 kwa gharama zinazokubalika. Unaiuza 12. Faida ni milioni 6 na laki 4, na ushuru wake ni 960,000. Lakini sheria inamsamehe mtu anayeuza makao yake mwenyewe, aliyoishi mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia mauzo. Angalieni neno mfululizo, na angalieni kutangulia. Mtu anahamia Bamburi mapema, ile ya Tudor anaipangisha kusubiri mnunuzi mzuri, anafurahia kodi ya kila mwezi, na mwaka unapita. Siku ya kuuza hawezi tena kusema kwamba ni makao yake aliyokuwa akiishi. Kodi ya pango ya mwaka mzima huenda isifikie huo ushuru alioukaribisha. Kwa hiyo kama wewe ni wa kundi hilo la msamaha, kaa kwenye nyumba yako mpaka uuze, na weka bili za stima na maji zenye jina lako. Zitaulizwa.

Sasa kukaa mpaka uuze kunaleta swali la funguo. Kanuni moja: funguo za nyumba yako zisitoke kabla pesa hazijaingia, au kabla ya ahadi ya benki ambayo wakili wako ameikubali kwa maandishi. Mnunuzi atakuja na maneno matamu: harusi ya binti, tunataka kupaka rangi tu, tutaweka vitu vichache chumba cha nyuma. Akishaingia na familia, na benki yake ikachelewa, kumtoa ni kesi.

Upande wa pili, unaweza kuuza, kulipwa, na bado ukakaa mwezi au miwili kama mpangaji wa mnunuzi wako wakati Bamburi inakamilika. Ni mpango mzuri kuliko kuhamisha fanicha mara mbili. Andikeni kodi ni kiasi gani, utatoka tarehe gani, na mnunuzi abaki na kiasi kidogo cha bei kama dhamana kwamba utatoka kweli. Usimwambie tu "tutaelewana, si sisi ni watu wa mji mmoja". Watu wa mji mmoja ndio wanaoshindwa kuelewana, kwa sababu wanaoneana haya kuandika.

Nimemwona mzee pale ametikisa kichwa tangu nilipotaja hati. Namjua anataka kusema nini. Nyumba zetu nyingi hapa hazina hati.

Ni kweli, na Mombasa hatuwezi kuzungumza habari ya nyumba tukaliruka hili. Majengo, sehemu za Kisauni, Likoni, mtu ana nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, bati ni lako, mlango wa mbele alichonga babu yako. Kiwanja ni cha mwengine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Mizizi yake ni ya zamani, desturi ya pwani ya kutenganisha jengo na udongo, na sheria ya hatimiliki ya 1908 ambayo iliwataka watu wa ukanda huu wajitokeze kudai ardhi zao. Waliofikia ofisi na karatasi walipata. Waliokuwa wakiishi juu yake bila karatasi wengi walibaki wapangaji wa udongo, na vitukuu vyao ndio nyinyi mnaonitazama.

Ukiuza nyumba ya namna hii ili ununue yenye hati, unauza kwenye soko moja na kununua kwenye jingine. Mnunuzi wako hawezi kukopa benki, maana hana hati ya kuweka rehani. Atakuwa mtu wa taslimu, na mara nyingi taslimu ya mafungu: nusu sasa, robo baada ya mfungo, iliyobaki "Mungu akijaalia". Kule unakonunua, mkataba una siku 90 na hauna Mungu akijaalia. Mafungu yake lazima yawe yamekwisha, au karibu kwisha, kabla hujasaini kule. Usihesabu fungu ambalo halijaingia.

Halafu kuna mwenye ardhi. Mshirikisheni mapema. Kodi ya kiwanja iwe haina malimbikizo, stakabadhi ziwe pamoja, na yeye au mwakilishi wake akubali kwa maandishi kumtambua mnunuzi kama mpangaji mpya wa kiwanja. Mara nyingi atataka ada ya kubadilisha jina. Hiyo nayo iingie kwenye hesabu. Mnunuzi anayenunua nyumba bila kumwona mwenye ardhi ananunua ugomvi, na ugomvi huo utakurudia wewe siku unataka kukamilisha kule kwengine. Mkataba wenyewe muuandike mbele ya wakili, na mashahidi wa pande zote. Na kwenye mkataba msiandike "kiwanja na nyumba". Andikeni nyumba. Naona mikataba ya aina hiyo, iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, inauza kitu ambacho muuzaji hakuwahi kuwa nacho.

Mengine nitayapita haraka maana jua linashuka. Nyumba iliyo kwa jina la marehemu haiuziki mpaka mirathi iishe, iwe kwa Kadhi au mahakama nyingine. Kama ndugu zako sita hawajakubaliana, usianze kutembelea nyumba za Bamburi. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata kama msimamizi ni mjomba wako. Nyumba ya ndoa inataka ridhaa ya mwenzi wako, na mawakili wa benki watadai saini yake. Bora aambiwe mwanzo kuliko aletewe karatasi mwisho. Malimbikizo ya rates, ile kodi ya ardhi ya kaunti, hukwamisha cheti cha kumaliza deni, na bila cheti hicho hakuna uhamisho. Kalipeni sasa, hata kama hamuuzi mwaka huu.

Kwa wenzetu wasiotaka riba, wanaposikia mkopo wa kuziba pengo kati ya nyumba mbili, huona mlango umefungwa. Benki za Kiislamu zimefanya kazi nchini tangu 2007 na 2008, na zipo hapa Mombasa. Ulizeni juu ya ushirika wa umiliki, benki ikinunua nyumba pamoja nawe na wewe ukilipia sehemu yao polepole. Ulizeni mapema, kwa sababu karatasi zao zina mlolongo wake.

Na kalenda. Ukisaini tarehe 1 Oktoba, siku ya 90 ni tarehe 30 Desemba. Mapumziko ya Mahakama Kuu huanza tarehe 21 Desemba mpaka 13 Januari, na ofisi nyingi za mawakili hufunga nayo. Utakaa umeshika simu isiyopokelewa, wageni wa likizo wamejaa pwani, na watoto wanatakiwa shule mpya Januari. Sainini Julai au Agosti, au andikeni siku 120. Na msipange kuhama katika kumi la mwisho la Ramadhani. Hata mkipata lori, hamtapata watu wa kubeba.

Dalali naye mlipeni mauzo yakikamilika. Akidai kamisheni yake siku ya arubuni, mwambieni hata mwenye nyumba hajaiona pesa. Na muulizeni kama amesajiliwa na bodi ya madalali wa nyumba. Kuna sheria yake tangu 1984. Asipojibu, mmeshajibiwa.

Nitanyamaza sasa nipokee maswali. Naomba tuanze na wenye nyumba bila ardhi, kwa sababu wao ndio wenye mambo mengi, na wale wa hati wanaweza kunifuata nje baadaye. Mzee, wewe uliyetikisa kichwa, mpeni kipaza sauti.